Picha ya Chupa na Heshima ya Mgema

Wahenga walitwachia methali ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili aliijua tangu shule ya msingi: Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Aghalabu tunaitumia kumkanya mtu anayesifiwa asije akavimba kichwa na kuiharibu kazi yake. Hata hivyo, ni nadra kwetu kujiuliza swali la pili, ambalo methali yenyewe haikuligusa. Je, mgema akifa asifiwe vipi? Tembo lake limekwisha, kibuyu kimeachwa kitupu, na mnazi unamngoja mgema mwingine. Aliyekunywa akaburudika amebaki na deni. Atalilipaje?

Huenda swali hili likaonekana la mzaha katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba si mzaha hata kidogo. Nitalijadili kupitia desturi moja iliyoenea miongoni mwa wapenzi wa divai ulimwenguni. Mtengenezaji divai mashuhuri anapofariki, wanywaji wake huitoa chupa ghalani, wakaifungua, wakaipiga picha na kuwapelekea wenzao picha hiyo kama salamu za mwisho. Hawapigi picha ya kaburi, wala hawatafuti picha ya uso wa marehemu. Hupiga picha ya chupa. Maoni yangu ni kwamba desturi hii ni heshima ya kweli, ila kwa sharti moja: mpiga picha awe ameionja divai na awe tayari kusema alichokionja. Sharti hili, kama nitakavyoeleza, linatuhusu sisi watu wa fasihi pengine kuliko linavyowahusu wanywaji wenyewe.

Mfano nitakaoutumia ni wa Serge Hochar wa Lebanon. Baba yake, Gaston Hochar, aliianzisha Château Musar mwaka wa 1930 katika mji wa Ghazir, kaskazini mwa Beirut. Serge, aliyezaliwa mwaka wa 1939, alisomea utengenezaji wa divai huko Bordeaux, Ufaransa, ambako Émile Peynaud alikuwa mmoja wa walimu wake. Mwaka wa 1959 akaanza kuitengeneza divai ya familia. Mizabibu yao haiko Ghazir. Iko ng'ambo ya milima, katika Bonde la Bekaa, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Bonde hilo ni kongwe katika historia ya divai. Huko Baalbek bado kunasimama hekalu kubwa ambalo Warumi walimjengea Bacchus, mungu wao wa divai. Kwa hivyo, kila msimu wa mavuno zabibu za Hochar zilikuwa na safari ya kusafiri: zilichumwa bondeni, zikapakiwa malorini na kuvushwa milima hadi Ghazir.

Katika nchi yenye amani safari hiyo ni jambo la kawaida. Lakini kuanzia 1975 hadi 1990 Lebanon iliteketea kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na barabara za kutoka Bekaa zikawa barabara za vizuizi na mapigano. Mwaka wa 1976 hapakutengenezwa divai yoyote. Mwaka wa 1984 malori yalicheleweshwa na mapigano hata zabibu zikaanza kuchacha njiani kabla ya kufika, na mavuno ya mwaka huo hayakuweza kuuzwa kama ilivyo ada. Mbali na miaka hiyo miwili, divai ilipatikana kila mwaka wa vita. Ghala la chini ya ardhi lililohifadhi chupa liligeuka pia kuwa kimbilio la binadamu wakati mabomu yalipoanguka. Soko la nyumbani nalo lilivunjika, Hochar akalazimika kutafuta wanunuzi ng'ambo. Katika maonyesho ya divai ya Bristol, Uingereza, mwaka wa 1979, Michael Broadbent, mwonjaji aliyeheshimika sana wa nyumba ya mnada ya Christie's, aliionja divai hiyo na kuisifu hadharani. Miaka mitano baadaye, yaani 1984, jarida la Decanter la Uingereza lilimtunuku Hochar heshima ya Mtu wa Mwaka, naye akawa wa kwanza kabisa kuipokea. Alifariki tarehe 31 Desemba 2014 alipokuwa akiogelea baharini nchini Mexico, akiwa na umri wa miaka 75.

Msomaji aliye makini atakuwa ameuona mwaka huo wa 1984 mara mbili. Ndio mwaka ambao mgema huyu alisifiwa kuliko wakati wowote uliotangulia, na ndio mwaka ambao zabibu zake zilimharibikia njiani. Iwapo kuna mtu ambaye methali yetu ilikuwa na kila sababu ya kumnasa, ni huyu. Sifa alikuwa nazo, wanunuzi wapya wa ng'ambo alikuwa nao, na vita vingekuwa kisingizio tosha cha kutia maji. Hakutia. Aliendelea kuitengeneza divai kwa namna yake, akiiacha ikae kwa miaka kadhaa kabla ya kuiuza, na akikataa kuirekebisha ili mwaka huu ufanane na mwaka jana. Kwa sababu hiyo Musar ya mwaka mmoja inaweza kuwa mbali sana na ya mwaka unaofuata. Wapo waonjaji wanaoisuta kwamba baadhi ya chupa zake zina uchachu unaokaribia siki, na kwamba kasoro ambazo kiwanda kingine kingezisafisha huachwa wazi. Wapo wengine wanaoona kwamba uhai wa divai hiyo umo katika uchachu huohuo. Mjadala huo haujaisha, na pengine hautaisha.

Sasa tuirudie picha. Chupa ya divai ni mojawapo ya vitu vigumu kuvipiga picha. Kioo ni kioo: ukiielekezea taa mbele, taa yenyewe hujitokeza katika picha kama doa jeupe, na mara nyingi mpiga picha hujikuta naye ameingia pichani, akiwa kivuli chembamba kilichopinda ubavuni mwa chupa. Ukiyaacha mambo kama yalivyo, divai nyekundu ndani ya kioo cha kijani kibichi huonekana nyeusi tititi, kana kwamba chupa imejazwa wino. Ndiyo maana wenye ujuzi huweka mwanga nyuma au ubavuni ili rangi ipenye. Kwa ufupi, hata kabla ya kuuliza maana, chombo chenyewe kinakataa kutwaliwa kirahisi. Kinachoonekana bila shida ni lebo tu.

Na lebo ya Musar ina mambo mawili yanayofaa kuzingatiwa. La kwanza ni mwaka wa mavuno. Kwa mtu asiyejua, mwaka huo ni tarakimu nne tu. Kwa anayejua, ni kumbukumbu ya malori yaliyovuka milima au yaliyokwama. La pili ni jina. Jina linalosomeka kwenye lebo ni Gaston Hochar, yaani jina la baba. Mtu anayeipiga picha chupa ya Musar ili kumuenzi Serge anapiga picha ya jina ambalo si la Serge! Mwana alitengeneza divai kwa zaidi ya nusu karne, akaipeleka ulimwenguni, akasifiwa, akafa, na lebo ikabaki na jina la mwanzilishi. Kwa hiyo picha peke yake haimtaji anayeombolezwa. Ni sharti mtu aseme neno ili tujue nani anaenziwa na kwa nini.

Hapa nadharia inaweza kutufaa kidogo. Roland Barthes, ambaye wengi wetu tunamjua kwa insha yake ya 1967 kuhusu kifo cha mwandishi, aliigusa divai katika kitabu chake Mythologies cha mwaka wa 1957, akaichambua kama alama ambayo kwayo Wafaransa hujitambua. Katika kitabu chake kuhusu picha, kilichotoka mwaka wa 1980, ambao pia ni mwaka aliofariki, alishikilia kwamba upekee wa picha umo katika ushahidi wake: kitu kinachoonekana kilikuwapo kweli mbele ya kamera. Tukikubaliana naye, basi picha ya chupa ni ushahidi. Lakini ni ushahidi wa nini? Jibu linategemea kizibo. Chupa iliyozibwa inashuhudia umiliki: fulani anayo Musar ya mwaka fulani nyumbani mwake. Chupa iliyofunguliwa, yenye mashapo chini na doa jekundu ubavuni, inashuhudia makutano: fulani alikutana na kazi ya marehemu, kazi hiyo ikaisha mikononi mwake, na haitarudi. Picha ya kwanza ni ya mali. Ya pili ni mbolezi.

Ninalitumia neno mbolezi kwa makusudi. Katika fasihi simulizi tunafundishwa kwamba mwimbaji wa mbolezi hamlilii marehemu kwa jumla jumla. Humtaja kwa matendo: alilima nini, alimsaidia nani, alicheka vipi, ameacha pengo gani. Mbolezi isiyo na matendo ni kelele za matanga tu. Vivyo hivyo picha ya chupa iliyofunguliwa, ikiambatana na maneno machache kuhusu ladha ya mwaka ule, ni mbolezi ya zama za kamera.

Zipo pingamizi, na ni haki zijibiwe. Ya kwanza ni ya dini. Wengi miongoni mwa wasomaji wetu wameharamishiwa kileo, na wengine wamejiepusha nacho kwa hiari. Sikusudii kumshawishi yeyote anywe. Ninachosema ni kwamba lugha yetu imekuwa na nafasi ya kuwazia kileo bila kulewa. Methali ya mgema imeshamiri katika lugha iliyolelewa katika pwani ya Waislamu, na haikumgeuza yeyote mlevi. Fasihi ya Kiarabu ina utanzu mzima wa mashairi ya divai, khamriyyat, ambao Abu Nuwas, aliyeishi katika karne ya nane, ndiye bingwa wake. Msamiati wetu wenyewe ni ghala la safari za divai: zabibu tumeipata kwa Waarabu, mvinyo kwa Wareno, na divai kwa Wafaransa. Anayeikwepa mada hii kwa kuwa haramu atalazimika kukwepa sehemu ya kamusi yake.

Pingamizi ya pili ni kwamba desturi hii ni majivuno yaliyovikwa kanzu ya huzuni. Mtu ana chupa ghali, na kifo cha mwenziwe kimempa fursa ya kuionyesha. Sikatai kwamba hutokea. Ndiyo maana nimeliweka sharti. Mwenye majivuno hutosheka na lebo. Mwenye deni hawezi kunyamaza kuhusu kilichokuwa ndani.

Pingamizi ya tatu ni nzito zaidi. Divai haikutengenezwa na mtu mmoja. Walikuwapo wachumaji waliochuma zabibu huku vita vikivuma, na madereva walioyaendesha malori penye vizuizi. Kumuenzi mtu mmoja ni kuwafuta wengi. Nakiri uzito wa hoja hii, lakini naona kwamba chupa inaikabili vizuri kuliko picha ya uso. Uso ni wa mtu mmoja. Divai iliyo chupani imepita katika mikono yote hiyo, na anayeeleza kwa nini divai ya mwaka fulani wa vita ilikuwapo, au kwa nini ya 1976 haikuwapo, hawezi kuepuka kuwataja madereva. Tunapoisimulia kazi, tunawafikia wafanyakazi. Tunapolitaja jina tu, tunaishia kwenye jina.

Na sasa, wapenzi wa Kiswahili, tujitazame wenyewe. Mwaka wa 2020 ulikuwa mwaka mchungu kwa fasihi yetu. Mnamo Januari Euphrase Kezilahabi alifariki jijini Dar es Salaam. Mnamo Aprili Ken Walibora aligongwa na gari jijini Nairobi, akafariki. Katika misiba kama hiyo tumejizoesha desturi yetu ya picha. Chupa yetu ni jalada la kitabu. Mwandishi anapofariki, jalada hutolewa rafuni, hupigwa picha, na picha husambazwa ikiwa na maneno yaleyale: gwiji, nguli, mbuyu umeanguka, pengo lisilozibika. Sina ugomvi na jalada. Nauliza tu swali la kizibo. Je, kitabu kimefunguliwa?

Nauliza kwa sababu Kezilahabi alikuwa Hochar wetu kwa namna moja. Diwani yake ya Kichomi ilipotoka mwaka wa 1974, ikiwa na mashairi yasiyofuata vina na mizani, wapo waliosema kwamba huo haukuwa ushairi wa Kiswahili hata kidogo, na wapo waliouona kuwa pumzi mpya. Uchachu wake ulizua mjadala ambao kila mwanafunzi wa ushairi ameupitia. Lakini sikiliza rambirambi zetu za jumla. Mjadala wote hutoweka. Mwandishi aliyebishaniwa maisha yake yote hugeuzwa ghafla kuwa mtamu kwa kila mtu, na utamu huo hauna ladha yoyote maalumu. Hapo ndipo maji yanapotiwa, na anayeyatia si mgema. Ni sisi waombolezaji tunaolitia maji tembo la marehemu, ili limpendeze kila mtu matangani.

Hebu tulinganishe na Muyaka bin Haji, aliyefariki Mombasa yapata mwaka wa 1840. Hapakuwa na picha wala jalada. Mashairi yake yalitufikia kwa sababu watu wa Mombasa waliyahifadhi vichwani, wakayakariri kwa furaha na kwa ubishi, hata baadaye Mwalimu Sikujua akayakusanya na kuyaandika. Muyaka alienziwa na watu walioyaonja mashairi yake wakaweza kuyarudia. Kwa hakika hakuna heshima kubwa zaidi ambayo msanii angeweza kuiomba, na haikumgharimu yeyote ila kumbukumbu na mapenzi.

Ninaamini, kwa hivyo, kwamba tumeisoma vibaya methali ya mgema. Tumeifanya kuwa hoja ya kubana sifa. Mwandishi akiwa hai tunamnyima, tukihofia kwamba atatia maji. Akifa tunamwagia sifa zote kwa pamoja, kwa kuwa sasa hawezi kuharibika. Lakini mgema humtilia maji nani? Humtilia mnywaji anayesifu bila kujua ladha. Mnywaji ambaye ulimi wake unatofautisha tembo la asubuhi na la jioni, na la mnazi huu na la mnazi ule, hatiliwi maji, maana atagundua papo hapo. Broadbent alipoisifu Musar mwaka wa 1979 hakuiharibu, kwa sababu sifa zake zilitoka katika ulimi uliojua. Ubaya haumo katika kusifu. Umo katika kusifu bila kuonja.

Kutokana na hayo, nina mapendekezo mawili kwa chama chetu na kwa jarida hili. Kwanza, kila tutakapochapisha picha ya mwandishi aliyefariki au ya jalada la kitabu chake, picha hiyo iandamane na ukurasa mmoja wa mwanafunzi aliyekisoma kitabu hicho mwanzo hadi mwisho, akieleza kinachong'ara ndani yake na kinachochacha. Asiogope kusema kinachochacha. Marehemu hadhuriki kwa ukweli, na wasomaji wapya huvutiwa na ubishi kuliko na ubani. Pili, tusingoje matanga. Waandishi wetu walio hai wapo, wengine wamo katika idara zetu hizihizi, na vitabu vyao viko maktabani vikiwa na kurasa ambazo hazijawahi kufunuliwa. Tuwasome, tuwasifu panapostahili, tuwakosoe panapostahili, na tuwaambie hayo wakiwa na masikio ya kusikia.

Mpenzi wa divai anapoifungua chupa ya marehemu anajua kwamba anapunguza idadi ya chupa zilizobaki ulimwenguni, na kwamba siku moja itafunguliwa ya mwisho. Sisi tumebarikiwa kuliko yeye. Kitabu hakipungui kwa kusomwa. Tukikiacha kimefungwa, tukatosheka na picha ya jalada lake, hatutakuwa na kisingizio kwamba tulikuwa tunakihifadhi.